Mgongo Uliopinda na Mazoezi ya Nyumbani: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Hapa Kigoma

Nimekaa kwenye cherehani hapa Mwanga miaka 19. Mwaka wa 12 alikuja mteja kuchukua gauni la mwanawe, nikasimama kumpokea, akanitazama akacheka: "Mama, mbona umesimama lakini bado unashona?" Nilicheka naye, ila usiku nilijitazama kwenye kioo cha kabati kwa ubavu, sikucheka tena. Kichwa kilikuwa mbele, mabega yamejikunja, tumbo limetoka. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifundisha nilichokifanya baada ya hapo, na majirani walipoona nimebadilika wakaanza kuniuliza. Maswali yao ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Mimi ni fundi cherehani, si daktari. Mambo ya hospitali nimeyatenga, utayaona mbele.

Mgongo mzuri si ule ulionyooka kama rula?

Hapana. Uti wa mgongo una mikunjo yake ya asili: shingoni umeingia ndani, kifuani umetoka nje kidogo, kiunoni umeingia ndani tena. Pingili za shingo ni 7, za kifua 12, za kiuno 5, na chini yake ziko zilizoungana. Mikunjo hiyo ndiyo inayosaidia kupokea kishindo unapotembea au kuruka kutoka kwenye mtumbwi. Tunachotafuta ni mikunjo isizidi. Mtoto anayekaripiwa "kaa wima!" anajikaza kama askari wa gwaride, anabana pumzi, dakika mbili baadaye yuko palepale. Kujikaza hakudumu kwa sababu misuli inayotakiwa kumshika haijapata nguvu, na ile iliyofupika mbele inaendelea kumvuta.

Nitajuaje kama wangu umeharibika?

Simama umeupa ukuta mgongo, visigino viwe mbele ya ukuta kwa sentimita 5 hivi. Makalio yaguse, mgongo wa juu uguse, halafu sikilizia kichwa. Kama kisogo kinagusa ukuta bila wewe kuinua kidevu juu, uko vizuri. Kama inabidi utazame dari ndipo kiguse, kichwa chako kimezoea kukaa mbele. Kisha pitisha kiganja nyuma ya kiuno. Kikipita kwa kubanwa kidogo, sawa. Ikipita ngumi nzima, kiuno kimebinuka mno.

Mara ya kwanza nilipojipima, kati ya kisogo changu na ukuta kulipita vidole vinne. Leo hakipiti kitu asubuhi, jioni ya siku za Idi na Krismasi, wateja wakijaa, kinapita kimoja.

Wengine wana mkao "mbaya" na hawaumwi popote, na wengine wamenyooka vizuri na kiuno kinawatesa. Mkao ni sababu moja tu kati ya nyingi, zikiwemo usingizi, mawazo, kazi nzito na kukaa bila kujongea. Kwa hiyo usijipime kwa hofu.

Kwa nini shingo inaniuma nikishika simu muda mrefu?

Chukua dumu la lita 5 la mawese. Likijaa lina kilo nne na nusu hivi, karibu sawa na kichwa cha mtu mzima. Likumbatie kifuani: unaweza kusimama nalo ukapiga soga na jirani. Sasa linyooshee mbele kwa mikono miwili. Dumu ni lilelile, lakini mabega yanaanza kuwaka moto kabla hujamaliza kusalimia. Ndivyo shingo inavyofanyiwa unapokiinamisha kichwa saa nzima. Dawa ni kuleta simu juu, karibu na usawa wa macho, viwiko ukiviegemeza tumboni au kwenye meza. Na kuiweka chini, jambo ambalo najua hamtalifanya.

Nianze na mazoezi gani?

Haya sita ndiyo niliyofundishwa, na majina tumeyapa sisi wenyewe tunaofanya pamoja kila Jumamosi.

La kwanza, *migebuka iliyooza*. Jifanye umeletewa samaki aliyechacha puani. Kichwa kinarudi nyuma chenyewe, si ndiyo? Fanya hivyo taratibu, uso ukitazama mbele, usiinue wala kuinamisha kidevu. Itatokea shingo ya pili chini ya kidevu, ndiyo dalili kwamba umepatia. Shikilia sekunde 5, achia, mara 10. Hili unaweza kulifanya hata ukisubiri daladala, ila watu watakutazama.

La pili, *mikono juu*. Egemea ukuta kwa mgongo, inua mikono kama mtu aliyesimamishwa na polisi, viwiko na migongo ya viganja viguse ukuta. Pandisha mikono juu, shusha hadi viwiko vikaribie mbavu, huku kiuno kikiwa hakibinuki. Mara 8 hadi 10. Wengi hawafikishi viganja ukutani wiki za mwanzo. Usilazimishe, fika unapofika.

La tatu, mlangoni. Weka mikono kwenye miimo miwili ya mlango, viwiko usawa wa mabega, piga hatua moja mbele mpaka uhisi kifua kinavutika. Tulia sekunde 20 hadi 30, pumua, rudia mara mbili au tatu. Kifua kikishalegea, mabega hayana cha kuyavuta mbele.

La nne, *mjusi juani*. Lala kifudifudi kwenye mkeka, mikono kando ya mwili, paji la uso chini. Bana makombe ya mabega kama unataka kushika penseli kati yake, kisha inua kifua kidogo tu, macho yakitazama mkeka. Sekunde 3 hadi 5, mara 8. Kosa ninaloliona kila Jumamosi ni watu kunyanyua kichwa kutazama nani amepita. Shingo inavunjika mkunjo, na asubuhi wanasema zoezi limewaumiza.

La tano, *daraja*. Lala chali, magoti juu, nyayo chini. Bana makalio, inua kiuno hadi mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini. Sekunde 5, mara 10. Ukihisi linauma mgongoni badala ya kwenye makalio, umeinua kupita kiasi.

La sita ni la nyonga, na kwa sisi tunaokaa kutwa nzima ndilo ninalolithamini kuliko yote. Piga goti moja kama mtu anayemwomba mkwe radhi, mguu mwingine uwe mbele. Bana kalio la upande wa goti lililo chini, kisha sogeza mwili mzima mbele kidogo bila kubinua kiuno. Utahisi mvuto mbele ya paja, juu kabisa. Sekunde 30 kila upande. Misuli hiyo hufupika kwa kukaa, na ukisimama inakivuta kiuno mbele. Ndiyo maana mtu anaonekana ana kitambi na hana.

Kila siku? Kwa muda gani?

Ya kuvuta misuli fanya kila siku. Ya nguvu, yaani mjusi na daraja, siku tatu kwa wiki zinatosha. Yote sita hayazidi dakika 15.

Kinachowashinda wengi ni kukumbuka, muda wanao. Mimi nimeyafunga kwenye vitu: migebuka kila ninapobadilisha uzi kwenye bobini, mlango kila ninapotoka kwenda uani. Akina mama wa dagaa wana kalenda yao. Siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na wavuvi wanapumzika, nao ndipo wanafanya mazoezi marefu. Giza likirudi na kazi ikirudi, wanabaki na mawili au matatu. Sikuwahi kuwakataza. Machache yanayofanyika yananitosha.

Mimi nakausha dagaa Kibirizi, nainama kutoka alfajiri. Mazoezi yatanisaidia nini na kesho nitainama tena?

Dada, swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Mazoezi peke yake hayawezi kushindana na saa sita za kuinama. Lazima na kuinama kwenyewe kubadilike.

Chukua mpini wa fagio, uweke mgongoni wima. Mkono mmoja uushike nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Mpini uguse sehemu tatu: kisogo, mgongo kati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Sasa legeza magoti, sukuma makalio nyuma kama unayefunga mlango kwa makalio huku mikono imebeba sinia, na kifua kishuke mbele. Mpini ukiachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu, umekunja mgongo badala ya nyonga. Rudia mara 10 kila asubuhi kabla hujagusa dagaa. Nilimwona mama mmoja, mtu mzima wa makamo, akijaribu pale mchangani mbele ya wenzake. Mara nne mpini uliachia kisogo, wakamcheka. Mara ya tano ukatulia, akabaki ameinama vilevile anasema, "Kumbe hapa! Kumbe hapa!" huku anajipiga nyama za nyuma ya paja.

Pili, inua kazi ije juu. Dagaa wakianikwa kwenye vichanja vya usawa wa kiuno huinami kabisa, na isitoshe hawapati mchanga na bei inakuwa nzuri. Kama bado unaanika chini, piga goti moja unapogeuza, badilisha goti, na kila ukimaliza safu simama, weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma mara tano. Ndoo ya dagaa wabichi ibebe imekugusa tumbo, usiiinue huku umejipinda ubavu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu.

Hivyohivyo na ufagio wa uwanja. Ufunge kwenye mti mrefu. Najua bibi zetu walifagia kwa ule mfupi, na najua pia bibi zetu walitembeaje walipozeeka.

Kubeba ndoo kichwani kunaharibu mgongo?

Jibu lina pande mbili. Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kijaluo wa Kenya waliozoea kubeba mizigo, wakaona kwamba mzigo hadi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu wakitembea. Kubeba kichwani kunamfundisha mtu kusawazisha shingo na kiuno, na ukimtazama mama aliyezoea anavyopanda kilima cha Mwanga na beseni lake, huo ndio mkao.

Ila piga hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu ya tano ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi. Hapo pingili za shingo zinashindiliwa, na siku hadi siku zinachoka. Jaza nusu na nenda mara mbili kama unaweza, weka kata nzuri, na mtu akusaidie kujitwika na kutua, maana hapo ndipo wengi wanapoteguka. Watoto wa shule ya msingi wasibebeshwe ndoo nzima.

Na mtoto mgongoni?

Mfunge juu, akubane. Kichwa chake kikiwa usawa wa mabega yako, uzito uko karibu na mwili. Akining'inia kwenye makalio anakuvuta nyuma, nawe unajibinua mbele kumfidia. Kitenge kikilegea, funga upya. Usivumilie hadi sokoni.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nikae vipi?

Nyayo zifike chini, makalio yafike mwisho wa kiti, kiunoni weka khanga iliyokunjwa, nene kiasi cha kiganja tu. Kwa cherehani, mimi nilipandisha meza kwa vipande viwili vya mbao, na kiti kikasogea mbele. Shilingi sikutoa. Bodaboda, leteni mikono karibu, mkilalia usukani mchana kutwa mabega hayarudi.

Lakini hata kiti cha mfalme kitakuchosha. Vile vibao laini vilivyo kati ya pingili havipati damu moja kwa moja kama misuli. Vinanyonya chakula chao kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, yaani unapojongea. Kila nusu saa simama, hata kama ni kuokota pini. Mnaokwenda Dar kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200 mkiwa mmekaa, tembeeni behewani, na ikisimama Tabora shukeni mjinyooshe kabla ya kukimbilia asali.

Mkanda wa kunyoosha mabega unasaidia?

Kwa kukukumbusha, ndiyo. Ukiuvaa siku nzima miezi mingi, mkanda unafanya kazi na misuli inapumzika. Nusu saa kwa siku ukiupenda. Hela hiyo mimi ningenunua mkeka.

Nikakandwe? Kuna mtu anavunja shingo hadi inalia, mwili unakuwa mwepesi.

Kukandwa polepole kwa mafuta ya mise (kokwa za mchikichi) na mtu mwenye mikono ya busara hakuna ubaya, kunalegeza na usingizi unakuja. Kuvunjwa shingo ni habari nyingine. Miaka hiyo kabla sijajua, nilikwenda kwa mtu mmoja akanishika kidevu, akanizungusha ghafla. Ililia kweli. Nikakaa siku nne sigeuki kushoto, kila aliyeniita dukani nilimgeukia mwili mzima kama kabati. Na nilikuwa na bahati, kwa sababu shingoni inapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuichana. Ule mlio si mfupa kurudi mahali pake. Mara nyingi ni viputo vya gesi kwenye majimaji ya kiungo.

Binti yangu wa miaka 13 bega moja limepanda. Ni begi la shule?

Inawezekana begi, hasa akilibeba upande mmoja. Lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, avae kamba zote mbili. Lakini mpime hivi: avue shati mbele yako, miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia, nawe ukae nyuma yake utazame mgongo kwa usawa. Kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kama kilima kuliko mwingine, mpeleke hospitali apimwe. Huo unaweza kuwa uti uliopinda kwa ubavu, unaonekana sana kwa wasichana wanapoanza kurefuka haraka. Mazoezi haya hayaunyooshi, na kadiri anavyoonwa mapema ndivyo anavyosaidiwa. Msimkaripie, hakujipinda kwa makusudi.

Bibi ana kibiongo. Atanyooka?

Shikamoo yake kwanza. Uzeeni, hasa kwa wanawake baada ya hedhi kukoma, mifupa hupungua uzito, na pingili zinaweza kubonyea mbele zenyewe, hata kwa kukohoa. Kilichobonyea hakirudi. Lakini misuli ya mgongo bado inaweza kupata nguvu, na akijinyoosha kidogo anapumua vizuri na haanguki ovyo. Mpe migebuka akiwa amekaa, kubana makombe ya mabega, na kusimama na kukaa kwenye kiti mara 8. Asifanye mazoezi ya kuinuka tumbo kutoka chali wala ya kujikunja mbele kwa nguvu.

Kibiongo kingine hakihusiani na uzee wala mkao. Kama ni kinundu kilichochongoka katikati ya mgongo, kimetokea ndani ya miezi, na mtu anakonda, anapata homa za jioni na jasho la usiku, inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. TB si ya mapafu tu. Matibabu yake hospitali za serikali ni bure, na akichelewa anaweza kupooza miguu.

Ni dalili zipi za kuacha mazoezi na kwenda hospitali?

Leo hii, bila kusubiri kesho: ganzi sehemu unazokalia au sehemu za siri, mkojo au haja kubwa kushindwa kujizuia au mkojo kugoma kutoka, miguu kuishiwa nguvu. Pia maumivu baada ya kuanguka kutoka juu, kwenye mchikichi au kwenye boda.

Ndani ya siku chache: maumivu yanayokuamsha usiku na hayabadiliki ukigeuka, homa, kukonda bila sababu, au uliwahi kuugua saratani. Misuli kuchoka kesho yake baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni kama umeme siyo.

Nina mimba ya miezi sita.

Hongera. Mikono juu na mlango endelea. Mjusi acha, na usilale chali muda mrefu, maana mtoto analalia mshipa mkubwa wa damu na utaona kizunguzungu. Badala yake shika sakafu kwa mikono na magoti, pandisha mgongo kama paka aliyekasirika, kisha ushushe taratibu hadi usawa. Mara 10. Mwambie mkunga wako unachofanya.

Godoro na mto?

Godoro lisilobonyea katikati. Mto mmoja wa kujaza nafasi kati ya sikio na bega ukilala ubavu. Mito miwili ni ya kusomea magazeti.

Nitaona mabadiliko lini?

Wiki mbili za kwanza utaona uchovu wa jioni umepungua, kwenye kioo hakuna kitu. Wiki ya sita hadi ya nane, ukiwa mkweli, kipimo cha ukutani kinabadilika. Mimi nilijua siku nilipojipimia gauni langu la zamani nikakuta mgongoni limekuwa kubwa na kifuani linabana. Nililifumua kwa furaha.

Naweza kuja kufanya nanyi?

Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, uani nyuma ya banda langu, kabla jua halijapanda. Njoo na mkeka na khanga mbili. Wanaume mnakaribishwa, mwisho tulikuwa nao watatu. Usivae suruali ya jinzi, inabana nyonga na tutakurudisha. Na kama umekula ugali wa muhogo alfajiri, mjusi utamfanya mwisho.